Cheti cha Siku Mbili

Riruta,
Jumatatu.

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umgawie Baba zake hata akisema hazitaki kwa kuwa sijafika nyumbani tangu Pasaka. Goti lako je? Natumaini yale mafuta yamelilegeza, na kwamba sasa unafika kanisani bila kupumzika njiani. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiongeza sauti hadi jirani yako Ivyne hunijibu kabla yako, na haya si ya Ivyne.

Kwanza habari njema. Ndanu anaendelea vizuri. Jana Daktari Wahu, ninayemfanyia kazi ya mapokezi kule Kilimani, alimkagua akasema damu imerudi kwenye shavu lote. Litabaki kovu dogo chini ya jicho, kadiri ya punje ya mtama. Kwa hivyo ntheo yake ya Jumamosi iko palepale, na Kiema ataleta mbuzi wake wa kumwoa kimila.

Nasikia umewaambia akina mama wa kanisa kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mdogo wangu. Ni kweli aliponitumia picha ya shavu limekuwa jeupe kama chaki, akilia kwa maumivu, nilijua ile fila ya kujazia mashavu aliyodungwa imeziba mshipa. Nikamwambia aje mbio, na daktari akamdunga dawa ya kuiyeyusha. Lakini mambo hayakuanzia hapo.

Mwaitu, wacha niseme wazi: namwonea Ndanu wivu. Nimemwonea tangu utotoni, wageni walipokuwa wakisema mimi nina bidii na yeye ni mrembo. Kiema alipokuja kwetu mara ya kwanza, chapati nilisukuma mimi, na wewe ukasema Ndanu ndiye ameing'arisha nyumba. Nina miaka thelathini na saba. Jumamosi nitafunikwa leso pamoja na wasichana wengine, Kiema amtafute bibi yake kati yetu, na nitasimama pale gizani nikingoja kupitwa.

Na mrembo huyo bado alitaka kuongezwa! Alisema mashavu yameingia ndani, ayajaze kabla ya kupigwa picha. Kwa Daktari Wahu nafasi ilikuwa ya mwezi ujao, naye hakuwa na subira, akapata mama mmoja Ngara, ghorofani juu ya maduka ya nywele. Ila Ndanu si mjinga, usimlaumu. Kabla ya kwenda alinitumia picha ya cheti cha yule mama, akaniuliza, "Sista, hii iko sawa? Wewe ndio unajua hizi vitu."

Na kweli nilijua. Kila Januari ni mimi ninayetundika ukutani leseni mpya ya daktari. Kila sindano hufunguliwa mbele ya mteja, nami hubandika lebo yake kwenye faili, ili ikileta shida ijulikane ni dawa gani. Cheti cha yule mama kilikuwa cha mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli. Hakikusema ni daktari wala muuguzi, na namba ya leseni haikuwepo. Nilikisoma chote, nikamaliza chai yangu, kisha nikamjibu kwa maneno mawili: "Iko sawa."

Sikutaka aumie vile. Nilitaka avimbe kidogo tu, Jumamosi moja, awe mbaya kuliko mimi. Daktari amesema angechelewa kidogo, shavu lingeoza.

Ndanu hajui. Ameninunulia leso inayofanana na yake na anataka nisimame ubavuni pake. Nitamwambia Alhamisi, kabla hajanifunga hiyo leso. Jana Kiema alipoliona kovu alicheka, akasema halimhusu, kwani Jumamosi uso utafunikwa na yeye atamtambua kwa miguu. Nilikuwa nimeshika faili la Ndanu, Mwaitu, na wivu ukanichoma tena palepale.

Wasalimie wote, na umwambie Baba nitakuja akinikubali. Nijibu utakavyo, hata kwa matusi. Usiniandikie tu kwamba iko sawa.

Mwanao mkubwa,
Syokimau