Nusu Yako ya Tomika

Butembo, tarehe 12 Januari 2003

Mudogo wangu Faida,

Salamu mingi toka huku kwenye baridi. Mama iko muzuri, ni magoti tu inamusumbua. Mama yako naye anaendelea namna gani? Na cherehani, ulishapata ule mukanda mupya?

Tangu mimi na mama tukimbie Bunia mwezi wa nane, hii ni barua ya kwanza naandika na furaha. Unakumbuka namna tulikaa chini na kadi zetu za Tomika, ule binti wa katuni ya Wajapani mwenye kuendesha ndege ya chuma. Watu wazima siye, marafiki wenye kuitana yaya na mudogo, miaka miwili tunatafuna chingamu mpaka taya inauma, juu ya kadi inayokuwa ndani ya paketi. Siku ya kuachana tukazigawa sawa nyama: mudogo anakata, mukubwa anachagua. Ukaweka huku zile zenye migongo yake ikipangwa inafanya upande wa kushoto wa ile picha kubwa, muji wa juu ya mawingu, na kule za upande wa kuume. Mimi nikachagua kushoto.

Basi sikia. Kaka yangu Kambale alileta katoni nzima ya zile chingamu kutoka Kampala. Nilifungua paketi moja moja mule butiki yetu, na sasa upande wa kuume wote niko nao. Jana nilizipanga juu ya kitanda nikaona muji muzima tena. Furahi na mimi.

Yaya yako,
Kahindo

*

Bunia, tarehe 20 Februari 2003

Kahindo,

Salamu. Siye tuko wazima. Mukanda nilipata.

Barua yako nimesoma. Hongera. Uko na muji wako wote sasa, hauna haja na mutu. Mimi nilizikata vile kwa kusudi, ili asiwepo mwenye kuuona muji bila mwenzake. Nilizani ulielewa. Kumbe mukubwa alichagua upande wake, halafu akarudi kuchukua na wa mudogo. Kwetu, mutu akifanya vile kwenye nyama, hawamupigie kelele. Wanaacha tu kumuita siku wakichinja.

Kazi iko mingi, naacha hapo.

Faida

*

Butembo, tarehe 4 Mei 2003

Mudogo wangu Faida,

Nakusalimia, na mama yako namusalimia. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Sijui kama zinapotea njiani ao ni weye unanyamaza. Kama ni weye, uko na haki.

Nilikosa. Niliona kadi tu, sikuona juu ya nini ulizikata vile. Basi juzi kisha misa nilichukua zile zote za upande wa kuume, nikawagawia watoto wa korali pale inje ya kanisa. Ata moja sikubakisha. Niko na nusu yangu tu, sawa ulivyonipa. Picha haitakamilika tena mpaka ufike.

Na ufike kweli. Watu wanaotoka huko wanasema Bunia itachafuka. Kujeni weye na mama kwetu. Roho yangu haitulie.

Yaya yako,
Kahindo

*

Bunia, tarehe 27 Mei 2003

Yaya Kahindo,

Nakusalimia kutoka chini ya turubai, karibu na aeroport. Tunapumua. Kama uliniandikia, jua tangu Februari hakuna kitu kilinifikia, barabara imefungwa.

Nyumba iliungua. Cherehani iliungua. Lile kopo la maziwa nililotia kadi nalo liliungua. Kaka yangu Vital alirudi kuokoa cherehani, hatujamuona mpaka leo. Mutoto wake Gracia iko na siye, miaka saba, anaongea kidogo sana.

Wanasema hasira hasara. Nilikukasirikia miezi yote hii, na sasa ile ile iliyonikasirisha ndiyo inanifariji. Tukipanga mustari ya kuchota maji, namuhadisia Gracia ule muji wa mawingu. Akaniuliza uko wapi. Nikamujibu uko Butembo kwa yaya Kahindo, kushoto na kuume. Ndiyo neno la kwanza aliniuliza tangu baba yake apotee. Asante uliichukua nusu yangu. Unichungie.

Mudogo wako,
Faida

*

Butembo, tarehe 14 Juni 2003

Mudogo wangu Faida,

Pole. Pole sana, na mama, na mutoto. Tumemuombea Vital hapa nyumbani. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Sitakudanganya. Nusu yako haiko. Niliigawa mwezi wa tano juu ya kukuomba samaha, na ile barua sijui iko wapi.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wale watoto. Nilitoa pesa, wakakataa. Kuko kamusichana kamoja, Chancelle, kananiambia: “Yaya, kadi hatuuzage. Tunabadilishaka. Zako mbili kwa hii moja.” Nikatoa zangu. Zingine mudogo wao wa mwisho alishatafuna, ingine wameibandika kwenye mulango wa choo. Nimepata zako kiasi tu, na zangu zimeisha karibu zote. Nikizipanga, muji uko na matundu, daraja yake haifike ngambo. Nililia mbele ya watoto bila haya.

Yaya yako,
Kahindo

*

Bunia, tarehe 2 Julai 2003

Yaya,

Salamu kwa wote. Barua yako ya Mei na ya Juni rubani mumoja wa mapadri alinipa zote siku moja. Nilicheka mpaka mama akazani akili imeruka. Huyo Chancelle ni munande kamili, biashara iko mu damu, mumupe butiki.

Acha kubadilisha. Nina neno moja la kuuliza, na unijibu bila kuzunguka. Mwezi wa tano ulituita weye mwenyewe. Ile wakati tulikuwa wawili. Sasa tuko watatu, hatuna ata sufuria, na siye ni watu wa Djugu, kule vita ilianzia, majirani yenu watauliza maulizo. Ile ndege ndogo ya mapadri iko na nafasi juma lijalo. Kama haiwezekani, sema tu. Sitakufungia roho tena.

Mudogo wako,
Faida

*

Butembo, tarehe 5 Julai 2003

Faida,

Salamu nimeruka, rubani ameshawasha ndege.

Nafasi iko. Kujeni wote. Mama alishatoa magunia ya sukari mu chumba na anafagia. Majirani wakiuliza, nitawaambia ni mudogo wangu.

Yaya yako