Kitambaa cha Akiba

Alhamisi, jioni

Amekikata! Papa Saidi, fundi wetu wa kushona hapa Kabondo, amekikata kile kitambaa cha akiba. Kila nguo ya mwanamke yeye huiachia kitambaa kingi ndani ya mshono, kwa sababu anajua sisi wamama tunanenepa tu. Robo yangu, hili gauni langu, ameshaifungua mshono mara tatu ili ipanuke. Leo nimemwambia aibane.

Akashusha miwani. "Mama Nadine, uko mugonjwa?"

"Hapana, papa. Niko nafanya sport."

Mimi, niliyeshindwa kukimbia saa nzima na kikundi cha mtaani, Jumamosi moja miezi mitatu iliyopita! Magoti yaliniuma siku nne, na njiani kurudi nilijituza mikate sita ya mafuta. Sasa natembea mbio dakika kumi asubuhi, naruka kamba dakika kumi mchana nyuma ya ofisi, na kumi nyingine jioni. Yaya Georgette, dada yangu mkubwa, alinicheka: "Dakika kumi? Bon, hiyo iko sport ao unatafuta choo?"

Acheke. Mimi naogopa tension, presha ya damu, ile iliyomchukua mama. Hata leo naogopa, ila...

Papa Saidi alisita na mkasi. "Nikikata, haitarudia tena. Donc waza muzuri."

"Kata, papa."

Kipande chenyewe, upana wa vidole vitatu, nimekifunga kwenye kamba yangu ya kuruka. Georgette amekiona jioni hii. Amekipima kwa vidole vyake, kisha akauliza polepole hiyo kamba niliinunua wapi.