Komeo la Chini

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au safari hii umemsikiliza daktari? Sisi huku tu wazima. Macho yangu ndiyo yameanza ujeuri, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka, usiseme dada amelewa.

Katika barua yako uliniuliza kwa nini mwanangu, ambaye ni mwanao vilevile, na mkewe wamejitwika mtoto wa watu wakati wao wenyewe ndio kwanza wanajijenga. Sikukasirika. Nasema uongo, nilikasirika kidogo. Leo nimekaa nikujibu, na uniwie radhi nikijisifu, maana ninayo sababu.

Mtoto mwenyewe ana miaka saba. Tunamwita Upepo, kwa kuwa ukifumba jicho hayupo. Mama yake alifariki hospitalini, ndugu hawakupatikana, ndipo afisa wa ustawi wa jamii akamleta kwetu. Wiki ya kwanza tu akatoroka. Tulimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba waliyokuwa wamepanga yeye na mama yake, kule nyuma ya soko. Tukamrudisha, akatoroka tena.

Majirani hawakutunyima ushauri. Ushauri ni bure. Mmoja akasema mchelea mwana kulia hulia yeye, mchapeni. Mwanao, fundi wa kuchomelea, akaona dawa ni chuma. Akaliinua geti, akaweka komeo juu kabisa, hata mimi silifikii, kisha kwa mbwembwe zake akalipamba geti kwa maua ya chuma kutoka chini hadi juu. Mdogo wangu, maua yale yalikuwa ngazi! Mtoto alipanda ua moja baada ya jingine, akaruka upande wa pili, na fundi mwenyewe yuko sebuleni anakunywa chai. Nilicheka mpaka nikalia. Baadaye nililia kwelikweli, kwa sababu siku hiyo alipotea njiani, hakufika kizingitini, na tulimtafuta sana.

Afisa akatuambia bila kuficha kwamba akipotea tena, atampeleka makao ya watoto. Mkweo alikuwa amekonda, cherehani yake ya kazi imelala, wateja wanamsema. Akaniambia, "Mama, mimi nimeshindwa. Wamchukue tu." Sikuwa nimewahi kumsikia akikata tamaa namna hiyo.

Ndipo tukaenda kwenye kikundi cha walezi. Hukutana Jumamosi saluni, wanaketi chini ya yale madude ya kukaushia nywele. Kiongozi wao ni muuza nyama wa pale pembeni, lile jitu tunaloliita Mapande, aliyelea watoto wanne wasio wake. Nilijiandaa kwa hotuba. Yeye akauliza tu, "Akifika pale mlangoni, huwa anafanya nini?"

Hakuna aliyejua. Sisi tulikuwa tukimnyakua na kurudi naye mbio. "Basi akitaka kwenda, nenda naye," akamwambia mkweo. "Cherehani tutaikalia sisi."

Na kweli waliikalia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Afisa naye alikubali, japo kwa shingo upande. Mwenye saluni akawa anashona vifungo, mimi nikapewa pindo za suruali. Suruali ya mwalimu mmoja niliishona mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na maskini anaivaa hadi leo bila kusema neno.

Mkweo akawa anaketi na mtoto pale kizingitini alasiri baada ya alasiri, mpangaji mpya akiwaruka na ndoo zake. Hakumhoji. Siku moja mtoto akasema mwenyewe. Mama yake alipokuwa anapelekwa hospitali alimwambia, "Nisubiri hapa hapa mlangoni, usiende popote." Alijua mama amekufa, hata mazikoni alikuwepo. Lakini aliachiwa agizo, na hakuna mtu aliyekuja kumwondolea. Mkweo hakumwambia aache. Alimwambia, "Basi tutasubiri wote, na jua likishuka turudi nyumbani tukale." Huyo ndiye msichana uliyesema siku ya harusi kwamba ni legelege! Nikimtazama siku hizi moyo unanijaa fahari.

Mwanao naye, bila kuambiwa na mtu, alikata maua yake yote kwa msumeno, akalishusha komeo hadi usawa wa kifua cha mtoto, likawa linafunguka ndani na nje. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akanijibu, "Mama, geti asiloweza kulifungua si la kwake."

Sasa Alhamisi iliyopita nilibaki naye peke yangu. Nimegeuka kuepua sufuria, kurudi Upepo hayupo, na geti li wazi. Afisa alikuwa aje kesho yake kuamua. Nikampigia simu Mapande, akasema, "Nimemwona akipita. Tulia, niko nyuma yake." Aliacha bucha na wateja wake, akamfuata kwa mbali na aproni yenye damu, watu wakimpisha njia. Anasema mtoto aliketi kidogo tu, akauambia mlango jambo ambalo yeye hakulisikia, akainuka.

Alirudi kwa miguu yake. Alifungua komeo, akaingia, akalifunga, kisha akalivuta kuhakikisha limeshika. Akaja kuketi karibu nami.

"Bibi, nimemwambia mama asinitafute kule tena. Nimemwelekeza huku. Nimemwambia geti la bluu."

Nilimpakulia chakula.

Ijumaa afisa alipobisha hodi, aliyemfungulia ni Upepo. Anabaki kwetu. Mwanao anatembea mtaani kifua mbele, utadhani amejifungua yeye.

Nisalimie shemeji, na yule binti yako muuguzi, mwambie asikeshe zamuni mpaka akasahau kula. Mapande anakusalimu ingawa hakujui. Mungu awafunike huko mliko, mkilala na mkiamka.

Upepo ameambiwa ana bibi mwingine ng'ambo, na anauliza kila siku kama unaijua njia. Ukija, usihangaike kutafuta komeo juu. Inama.

Wako akupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Dada yako.