Mpaka wa Kitanda na Kiti

Mama Tuse,

Nakuandikia ofisini, hapa Tunduma, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula. Karatasi nimeiweka chini ya fomu za forodha ili mtu akiingia aone nafanya kazi. Unajua ninavyoogopa kuulizwa.

Nianze na mazishi. Tulikuzika kwenu Hasamba. Mvua ilikuwa imenyesha, na kiti changu cha magurudumu kikanasa kwenye tope karibu na barabara. Vijana walitaka kunibeba hadi kaburini, nikakataa. Hawakujua mguu wangu upi unatangulia. Kwa hiyo nilisikia nyimbo tu, na udongo sikutupa.

Wiki mbili baadaye baba mdogo alimleta Subira akae nami kama ulivyokaa wewe. Ni binti mpole, ana nguvu, analala chumbani kwako. Maharage anapika vizuri kukuzidi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Lakini hasemi. Asubuhi anaingia, ananishika makwapani, ananinyanyua, ananiweka. Wewe kwa miaka minane hukunigusa kabla ya kusimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni, kama afisa wa pale mpakani: "Haya, msafiri! Unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini?" Nami nijibu: "Natoka kitandani, nakwenda kitini, nimebeba usingizi." "Pita!" Ndipo tunahama. Hukuwahi kusema unanibeba, ulisema tunahama. Nilidhani ni utani tu. Kumbe nilipokuwa najibu nilikuwa pia navuta pumzi, nauweka sawa mguu wa kushoto, na wewe ulikuwa unatazama kama niko tayari.

Wiki ya tatu ya Subira mguu huo ulinasa chini ya kibao cha kukanyagia cha kiti changu. Kifundo kikavimba. Sikumlaumu, sikuwa nimemweleza lolote. Niliogopa akiudhika ataondoka. Baba mdogo alipouona uvimbe alisema, bila ukali: "Basi, mwanangu. Mwisho wa mwezi utahamia kwangu Itumba. Kule watu tupo."

Watu wapo, ndiyo. Kuna vilima pia, na ngazi za mlangoni kwake, na kazi yangu haiko huko. Nilijibu, "Sawa, baba." Ndivyo nilivyojibu, Mama Tuse. Sawa.

Kesho yake nikafanya ninachokiweza: nikaandika. Kurasa mbili, vichwa vimepigiwa mstari. "Mhudumu atahakikisha mguu wa kushoto wa mhudumiwa umetangulia kabla ya kumhamisha." Nikaziacha mezani, nikaenda kazini.

Niliporudi Subira alikuwa mlangoni, kurasa mkononi, nguo zake zimekunjwa juu ya kochi.

"Dada, huyu mhudumiwa anakuja lini? Maana hapa wameandika kuna kuhamishwa, nikajua ni mimi nampisha."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha sikucheka tena. Kumbe naye alikuwa anaogopa kuondolewa, wiki zote hizo, ndiyo maana alikuwa kimya.

"Mhudumiwa ni mimi," nikamwambia.

"Sasa si ungeandika tu 'mguu wangu', dada? Umesoma mpaka umejisahau jina!"

Basi nikasema, kwa mdomo. Nilimwonyesha mguu, nikamfundisha maswali yako, nikamwambia ni ya nani. Leo asubuhi alisimama, mikono kiunoni, aibu imemjaa usoni.

"Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kazini."

Alingoja mpaka nikauvuta mguu. Halafu akaongeza la kwake: "Na kadi ya chanjo ya manjano iko wapi?" Hilo wewe hukuwahi kuniuliza.

Jumapili baba mdogo anakuja kuangalia mizigo yangu. Naogopa. Nimeshaandika mara nne nitakachomwambia, na mara nne nimechana. Nakuahidi hivi: nitamwomba akae, nitamwambia bila karatasi kwamba sihami. Kisha nitamwomba Jumatatu aje mapema, asimame pale mlangoni, amwone Subira akiniuliza.

Na tope likikauka nitakuja Hasamba na Subira. Udongo wako bado ni zamu yangu.

Wenzangu wanarudi, nasikia viatu vyao. Maswali yote ulishayajibu, mama. Pita.

Msafiri wako