Ng'onda Waliovunjika Mgongo

Kalangalala, Geita

Kaka Shomari,

Shikamoo. Naitoa kwa kuwa mama alinifundisha nikupe, ingawa leo huistahili. Mama miguu yake inaendeleaje? Sisi huku wazima. Sukari kwa foleni, vumbi la mashimo ya dhahabu kila siku, tumezoea.

Kifurushi chako cha ng'onda wa kukaushwa kwa chumvi alinifikishia dereva uliyemkabidhi. Wallahi nilifurahi! Miaka minne sijaonja samaki changu wa kwetu. Mke wangu akawaunga kwa karanga, nikamwita jirani yetu Mama Masanja, Msukuma, naye aonje samaki wa baharini. Akala, akatoa mifupa mdomoni, akaniuliza, "Baba Zuhura, hawa wa kwenu mbona mgongo vipande vipande? Walipigwa rungu?"

Nikaacha kula. Nikawakagua waliobaki kwenye kifurushi, mmoja mmoja. Wote uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia. Mtoto wa mvuvi hahitaji kuambiwa. Wamelipuliwa majini kwa baruti, na baruti yenyewe ni yangu!

Ulipokuja mwaka jana ulisema kisima cha mama kimefika kwenye jiwe. Nikakutolea baruti ya shimoni kwetu, nikijua nikikamatwa kazi sina. Nikakufundisha na kuiwasha. Kumbe mwenzangu unawazia mwamba wa baba kule baharini, pale alipotega samaki kwa madema mpaka anakufa, na wavu wa juya hakuruhusu upite! Mimi niliondoka samaki walipoanza kupungua, ili ninyi mliobaki mtosheke. Sasa mwamba ukishapasuka samaki watazalia wapi? Umenisaliti, kaka, na mkono ulioutumia ni wangu.

Halafu kwenye kifurushi unaandika, "Kisima bado, ongeza kidogo." Huna haya! Situmi hata utambi.

Nisalimie shemeji, hana kosa. Msalimie na baba mdogo anayesuka madema hadi leo. Sijui nitamtazamaje usoni.

Barua zangu kwa mama huwa unamsomea wewe. Hii najua utaikunja uitie mfukoni. Basi nimeandika mbili, na ya pili nimempelekea maalimu wa chuo cha Kurani amsomee mama yote, asiruke neno. Ila kabla hajaifungua, nimemwomba amwulize mama maji ya kisima chake yana ladha gani, tuone kama hicho kisima anakijua.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari