Kambale Kumi na Mumoja na Gari Yako

Patron,

Gari yako iko nzima. Ninaanza na hiyo ju najua ungeiuliza kabla ya kuuliza habari ya batu.

Toka tukuzike, ile Land Cruiser ilibaki nyuma ya garaji hapa Kimemi, kwetu Butembo, magurudumu bila upepo, kuku zinalala chini yake. Ndugu yako mudogo, Papa Kakule, alirithi kiwanja na vyote vyenye viko ndani. Siku moja akakuja na batu babili ba kukata vyuma. Alisema ile haiko gari tena, ni mababula, majiko ya makaa: mulango moja, mababula ine ya kupikia. Nikasimama mbele ya kapo, kifuniko ya injini, na spana ya kumi na saba mukononi. Unajua mi niko mufupi, mais siku ile hakuna mutu aliniona mufupi.

Tukaachana na sharti moja. Nilikuwa tayari natayarisha maonyesho ya magari ya zamani ya Japani, ile yenye ulikuwa unasema kila mwaka, "Tutafanya, Masika, tutafanya," na hatukufanya. Papa Kakule akasema: siku hiyo, mbele ya batu bote, gari iwake na funguo, bila mutu hata mumoja kusukuma, na yeye asikie na masikio yake. Ikikataa, kesho yake inakatwa. Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mutu mwenye anajua, na sikujua kitu.

Ju ile gari iliwaka na funguo siku gani? Wewe uliiacha kwenye muteremko tu. Kule kwenye hapana muteremko, mi na bapita-njia tulisukuma, na wewe umeketi ndani, umeshika volani, unasema ni zoezi nzuri ya mwili.

Donc nikaanza kufuata waya. Zote nyekundu! Patron, mutu gani anatia waya ya gari muzima na rangi moja? Nilikutukana, unisamehe, nilikutukana na Kiswahili na Kinande, nimelala chini ya dashibodi wiki tatu nzima. Na mwisho nilipata nini? Waya ya masi, yenye inapaswa kushika chuma ya chasi. Ulipaka chasi rangi nzuri ya kijani, kisha ukafunga waya juu ya rangi. Umeme ingepita wapi? Miaka yote ile tulisukuma ju ya rangi yako mwenyewe! Nilicheka mupaka machozi ikatoka, na kisha ikakataa kuisha, ju wewe ndiwe nilitaka kuambia na haukuwako. Nikakwangua rangi kidogo, ukubwa wa kifuniko ya chupa, nikafunga waya, nikanawa uso.

Maonyesho yenyewe, ungeona! Badereva ba Beni balifika kwa pamoja, taa zinawaka mchana. Mutu mumoja wa Mutwanga alileta pikapu yenye matope mupaka kwenye vioo, nikamukataza kuiosha. Bamama ba kanisa baliuza mandazi na chai juu ya kapo ya Corolla moja, na mwenye Corolla alipanga vikombe yeye mwenyewe, ju muuzaji mukubwa alikuwa bibi yake wa ndoa.

Kosa ilikuwa yangu. Mikro ya kutangaza nilimupa mwalimu mumoja mwenye Leta, ni kusema serikali, ilituma hapa kutoka Ekwateri, kwa batu ba Kilingala, mutu wa sauti nzuri, mais hajue desturi yetu. Nilimupa liste ya kuita gari moja moja ziwake, vile tunaandika kwa garaji: jina moja ya dereva, basi. Na gari yako niliiandika vile uliibatiza: Kambale, ju ilikuwa gari ya pili yenye ulifufua, na kwetu kijana wa pili wa nyumba ni Kambale. Maskini mwalimu akasoma: "Kambale, washa!"

Patron! Badereva kumi na mumoja baliwasha. Kila kijana wa pili wa Butembo na Beni alisikia jina yake. Moshi, klaksoni, batoto banapiga kelele. Mwalimu akasahau Kiswahili, akauliza ndani ya mikro na Kilingala, "Bango nyonso Kambale?" Bote ni Kambale?

Na mi niko ndani ya gari yako, nimegeuza funguo. Kwenye volani nilisikia na mikono kwamba imewaka. Mais Papa Kakule alisimama mbele yangu anatikisa kichwa. Niliona midomo yake tu: sikusikia. Bakata vyuma balikuwa nyuma yake, banatafuna mandazi, banangoja.

Hapo nikakumbuka juma yangu ya kwanza kwako. Ulinikatalia kufungua motere kabla ya kuisikiliza, ukanionyesha: ncha ya turnevisi, bisibisi yako ndefu, kwenye chuma, mushikio kwenye sikio. Nikashuka, nikafungua kapo, nikaweka turnevisi juu ya motere, nikamushika Papa Kakule shingo nikamwinamisha. Mutu mukubwa vile, akakubali.

Alisikiliza. Kambale kumi na mumoja bote balikuwa kwa sikio ingine. Akaiziba na kidole. Nilingoja. Batu bakaanza kukusanyika. Nikamugusa bega, nikasema, "Papa Kakule, inatosha, umesikia." Akanisukuma mukono bila kufungua macho.

"Acha kwanza, Masika," alisema. "Niko na ndugu yangu."

Bale babili ba kukata vyuma yeye mwenyewe alibafukuza, hata chai hawakumaliza.

Lala vizuri, Patron. Hapana ngojea barua kila siku, kazi iko mingi. Kesho saa moja ya asubui Papa Kakule anaanza kujifunza kwangu, na kichwa yake nyeupe vile. Nakuahidi, nitamufundisha vile ulinifundisha mi: ukali asubui, chai saa ine, na hakuna kugusa kitu kabla ya kuambiwa. Na akilia juu ya kazi, nitageukia upande ingine na kujifanya natafuta bulo ya spana yenye ilianguka chini, vile ulikuwa unanifanyia.

Mwanafunzi wako,
Masika