Kahawa ya Baba Imeng'olewa

Nyakabanda, Kigali, Jumapili, 1992

Na mimi nilivyowatambia mafundi wenzangu wote wa hapa mjini kwamba kahawa yetu inanywewa na wafalme wa Ulaya!

Leo nimekwenda nyumbani kijijini, nakuta Gaspari, mdogo wangu, ameing'oa yote. Mibuni ya baba! Pamepandwa maharage. Anasema bei imeanguka. Sawa, lakini mbona sikuambiwa?

Mkewe akacheka. "Shemeji, kung'oa kahawa ni faini. Tungekuambia wewe, Kigali nzima ingejua kabla ya jioni."

Kumbe majirani wote walijua.

Nikamgeukia mama. "Hata wewe?"

Akanimiminia chai. Chai, nyumbani kwetu! "Kunywa, mwanangu, itapoa."

Nimeinywa. Gaspari nitamsamehe. Lakini mama yangu mwenyewe kuniona mtu wa kufichwa siri, hilo mpaka sasa limekataa kushuka kooni.